Njia ya Kisimani

Mama,

Shikamoo. Mimi mzima. Huku hakuna wa kuniuliza nimekula nini, lakini nakula.

Kazi ni ileile: nakagua mashamba kwa picha za setilaiti, ili wakulima walipwe kwa miti yao inayosafisha hewa. Jana ikafika zamu ya shamba lako. Miti yote mia na kumi na mbili ipo, na kompyuta imekupa alama za juu kwa sababu kijani kimeongezeka.

Nikaisogeza picha karibu. Kilichoongezeka ni majani yaliyoota juu ya njia yako ya kisimani, mpaka haionekani.

Kwenye simu unasema miguu imepona. Mama, maji anakuchotea nani?

Ni mimi,
kitindamimba wako