Mutheu Amepewa Viza ya Aisilandi

Jumanne, Tassia

Eti hawaamini nitarudi. Ndivyo barua ya ubalozi ilivyosema leo: sina mume, sina mtoto, sina cha kunirudisha Kenya. Dada yangu Mutheu, mwenye mume na watoto wawili, amepewa viza yake.

Na safari ya Aisilandi niliipanga mimi. Mimi ndiye niliyetaka kupanda mlima wa volkeno. Mutheu nilimbembeleza mwaka mzima anisindikize.

Jioni alikuja kunipa pole. Akamaliza chai, kisha akasema, "Lile jaketi lako la baridi, si uniazime tu? Wewe hutalihitaji sasa."

Nikalitoa kabatini, nikamkunjia.

Alinikumbatia mlangoni, lakini mikono yangu haikuinuka. Naogopa nitamchukia akianza kutuma picha.