Yule Mteja Hukunipa, Shangazi

Shangazi yangu,

Leo ni wiki ya tatu tangu tukuzike hapa Nkunga, na mvua haijakata. Baba bado anakuwekea sahani, kisha anairudisha kabatini. Kuku wako nimewahamishia jikoni. Nakuandikia kwa sababu Jumamosi kinamama wa soko wananikabidhi meza yako, na mimi sistahili.

Unakumbuka shule ilipokuwa inatuleta sokoni Tukuyu kila Jumamosi, sisi wa kidato cha tatu, kila kundi na meza yake, tujifunze biashara? Kundi letu likaangukia ubavuni kwako. Nilifurahi hadi nikaruka! Ulitufundisha kuminya parachichi karibu na kikonyo bila kulitia alama. Ukazicheka sweta zetu: "Mmependeza kama mnaenda kanisani." Na ukanipa sheria moja ya kinamama: mteja akishasimama kwenye meza ya mwenzio, funga mdomo. Hata kama hujauza tangu asubuhi, funga mdomo.

Mimi sikuufunga. Mama Neema, yule mama lishe wa stendi, mteja wako wa miaka yote, alikuwa ameshaushika mkungu wako wa ndizi. Kundi letu lilikuwa la mwisho kwa mauzo, na mwalimu wa biashara alikuwa anapita na karatasi yake ya maksi. Nikaita kwa sauti, "Mama, njoo huku, tunakupunguzia!" Akaja. Tangu siku hiyo akawa wetu. Tukashika nafasi ya kwanza, nikapigiwa makofi mstarini. Jioni ya siku ile wewe ulinipakulia kama kawaida, tukala. Ungenitukana, ningelala vizuri zaidi.

Nikajiambia nitakuomba radhi shule ikifunga, nikishinda nawe nyumbani. Mjinga mimi! Presha ikakuangusha shambani, siku ya Jumanne, mimi nikiwa darasani.

Msibani, tukimenya ndizi, Mama Sekela, mwenzako wa sokoni, alinikumbatia. Akasema walitaka kunishtaki kwa mwenyekiti wa soko siku ile, ukawakatalia: "Mwacheni mtoto. Yule mteja nimempa mimi mwenyewe." Kumbe! Ndiyo maana meza wanasema ni yangu, niuze Jumamosi na siku za likizo, eti ulishaanza kunirithisha ukiwa hai. Wote wakaitikia, "Ndaga, mwanangu, ndaga," wakinishukuru kwa kuwa mtoto mwema kwako. Nikainamisha kichwa nikaendelea kumenya. Shangazi, nilinyamaza, na wewe umelala chumba cha pili!

Meza naitaka, sikufichi. Nataka kukaa pale ulipokaa, niitwe kwa jina lako. Ningeweza kuichukua tu, na hakuna ambaye angejua. Lakini kila nikiiwazia nakuona umesimama na ule mkungu mkononi, unamtazama Mama Neema akivuka kuja kwetu, halafu unanitazama mimi.

Kwa hiyo nakuahidi. Jumamosi, kabla sijatandika hata gunia, nitawaambia kwamba hukunipa mteja. Nilikunyang'anya, nawe ukasema uongo ili nisiaibike. Wakimpa mwingine meza, sawa, nitamsaidia kubeba ndizi zake. Naogopa, Shangazi.

Pumzika sasa. Nisamehe. Najua ulinisamehe palepale, kabla sijafungua mdomo kuomba, na hapo ndipo panaponiuma zaidi.

Ni mimi, Tumpe wako.