Idi ya Chumba Namba Tano

Wodi ya Kutengwa,
Idi Pili, asubuhi.

Kwako dada yangu mpenzi,

Asalaam aleikum. Hujambo dada? Mama naye, goti lake linasemaje siku hizi? Na binti yako, Bibi Mdogo, ameshang'oka meno mangapi? Hapa ndipo mtu huandika kwamba naye ni mzima wa afya. Mimi naruka. Nimeshakudanganya mara nne kwenye simu, ya jana ikiwemo, na mdomo wangu umeshazoea. Ndiyo maana nimeshika kalamu.

Siko kwenye kiwanda cha sare. Hakuna mkataba wa miezi sita, wala msimamizi mkali. Niko hospitali, wiki ya tano hii, nimetengwa. Nina kifua kikuu, tena kile sugu, kisichosikia dawa za kawaida. Usianze kulia, soma kwanza. Natibiwa. Vidonge ni kiganja kizima kila siku, na muuguzi hasogei mpaka nifungue kinywa aone nimemeza. Nilimwambia hata mama hakuwahi kunichunga hivi. Na karatasi hii ishike bila hofu. Ugonjwa huu husafiri kwa hewa.

Chumba changu ni namba tano. Nina kitanda, ndoo, na dirisha kubwa ambalo ni marufuku kulifunga. Vyumba vyote vinane vinatazama ua mmoja, kila mgonjwa na chake, kwa hiyo tunajuana kwa vichwa tu. Namba nne ni mzee aliyekuwa akiendesha malori, tunamwita Dereva. Namba saba ni bibi mmoja Mkristo mwenye ulimi kama wembe.

Unanijua, dada. Tangu nishike cherehani sijawahi kuvaa nguo ya zamani siku ya Idi, na niliapa ugonjwa hautaanza leo kunipangia. Nikaomba shuka lililochanika, sindano na uzi, nikashona kwa mkono siku tisa. Vipimo vyangu ninavyo kichwani, nikakata bila kujipima. Gauni likaja kubwa kama la shangazi, na hapo ndipo nilipojua nimekonda kiasi gani. Nikalipunguza, nikalitia na kola.

Jana asubuhi tulisimama madirishani. Dereva ndiye aliyeanza takbira, na sauti yake ilikuwa nzito, nzuri, mpaka kikohozi kilipomkaba katikati. Sikupanga, dada, nikajikuta nimeipokea mimi, na namba mbili akanifuata, na namba nane, mpaka Dereva akapata pumzi akarudi. Yule bibi wa namba saba alisimama wima muda wote kwa heshima. Tulipomaliza tu, akatangazia wodi nzima kwamba namba tano leo kavaa kitanda. Tulicheka hadi muuguzi akaja mbio akidhani tumezidiwa.

Baadaye nikakupigia. Ulinisimulia habari za wageni, kisha ukaniambia Bibi Mdogo ana kikohozi kisichokwisha na chakula anakisukuma. Ukasema labda ni vumbi. Nikakubali kwamba ni vumbi, nikakutakia Idi njema, nikakata.

Nilivaa viatu. Mlinzi alikuwa amekwenda kula, lango limeegeshwa tu, na kituo cha mabasi si mbali. Nilisema nitafika alasiri nimbebe yule mtoto mwenyewe. Nilishafika langoni nikakohoa, nikaangalia mkono niliozibia mdomo. Nilikuwa nakwenda kumwongezea ugonjwa. Nikageuka, nikarudi chumbani, nikaomba karatasi.

Sasa lile ninalolizunguka tangu mwanzo. Idi ndogo nilipokuja nyumbani uliniuliza kuhusu kikohozi changu, nikakujibu ni nyuzi za vitambaa. Karakana nzima tunakohoa, tunakiita kikohozi cha pamba, tunakunywa maji ya moto na kuendelea kushona. Ningekuwa sijui, ningejitetea kwa hilo. Lakini nilijua. Wiki mbili kabla ya safari daktari alichukua makohozi yangu, akaniambia nirudi baada ya siku tatu kwa majibu, na kwamba kabla ya hapo nisilale chumba kimoja na mtu. Sikurudi. Nguo za watu za Idi zilikuwa zimenifika shingoni, na niliogopa nikienda nitazuiwa nisije kwenu. Nikaja. Nikalala kitanda cha mama usiku nne, Bibi Mdogo katikati yetu, madirisha yamefungwa kwa sababu mama hapendi baridi.

Na hapa waliponiuliza nimelala na nani, niliwataja mafundi wenzangu, nyinyi nikawaficha. Niliona aibu. Leo alfajiri nimewataja. Muuguzi anayekuletea barua hii anakuja mapumzikoni mji wenu, na ameniahidi kuitia mkononi mwako leo leo.

Kwa hiyo nisikilize, japo mimi ndiye mdogo. Usinipigie. Mchukue mtoto, mchukue mama, nenda nao kituo cha afya, nawe upimwe. Waambie waziwazi kwamba mlilala na mgonjwa wa kifua kikuu sugu, na hilo neno sugu usiliache nyuma. Wakisema mrudi kesho, kaa hapo hapo kwenye benchi. Kikiwahiwa kinatibika; nimewaona watu wakitoka hapa kwa miguu yao. Mimi nami nitameza kila kidonge watakachonipa, iwe mwaka, iwe zaidi, na lango hilo sitalisogelea tena mpaka wanifungulie wenyewe.

Barua hii umsomee mama yote, usimkatie. Kuficha nimeficha mimi, kunatosha ukoo mzima. Nisalimie shemeji, na Bibi Mdogo mwambie shangazi yake anampenda. Najua utanikasirikia, dada, na haki unayo. Ila kasirika ukiwa njiani.

Ni mimi mdogo wako,
Fundi.