Tanuri la Mguu wa Kiherehere

Jumatatu, 3 Juni

Nimeukata kwa msumeno mguu bandia niliomtengenezea mdogo wangu, Kiherehere. Ulimvunjikia Ijumaa akifundisha — kaanguka mbele ya wanafunzi wake! Nilitaka kuona ndani kuna nini. Vitundu! Matabaka ya kitambaa cha kaboni yameachana, hewa imejaa katikati. Kumbe moto wa kuivishia gundi peke yake hautoshi. Kitambaa lazima kibanwe wakati gundi inaiva. Kibanwe na nini?

Jumamosi, 8 Juni

Na hewa! Ndani ya tanuri la presha. Wanaotengeneza ndege wanayo makubwa, mtu anaingia amesimama. Langu litatokana na mtungi wa kompresa, mashine ya kujazia upepo, kutoka kwa muuza vyuma chakavu. Nimeingiza kichwa na tochi — hauna kutu. Baba Watoto ameuzunguka, akauliza tunahamia sayari gani. Ameshaubatiza Sufuria ya Wazimu. Acheke tu.

Jumatano, 12 Juni

Mlango unanisumbua. Presha itausukuma nje. Nikawaza: kwa nini usikae kwa ndani? Presha ikipanda, yenyewe inaubana. Fundi wa kuchomelea niliyemwita akakuna kidevu: na mlango mkubwa kuliko tundu utauingizaje?

Nimeshinda nikikata maboksi kwa mkasi, nyumba nzima makaratasi. Tundu na mlango viwe umbo la yai! Unaupitisha kiubavu, kisha unaugeuza. Nimepiga kelele mpaka jirani kachungulia.

Jumapili, 16 Juni

Tumelijaribu kwa maji, kwa presha kubwa kuliko tutakayotumia. Kwa nini maji, na kazi yenyewe ni ya hewa? Fundi anasema chuma kikipasuka maji yanamwagika tu, hewa inatuzoa sote. Kiherehere kaja na magongo yake, kakaa karibu kuliko wote! Nimemfukuza. Hajaenda mbali.

Halijavuja hata tone.

Ijumaa, 21 Juni

Naandika tanuri likiwaka. Mguu mpya umo ndani, kwenye mfuko wa plastiki. Pampu inafyonza hewa ya mfukoni, hewa ya tanuri inaubana kwa nje. Mfuko ukitoboka, hewa inaingia, inasukuma huku na huku, hakuna kinachobanwa.

Na geji inayopima presha ya mfuko imetikisika. Haijashuka. Imetikisika.

Kiherehere kaiona. Huyu hapitwi na kitu. Jumatatu asiporudi kazini darasa lake anapewa mwingine, na kitambaa hiki ndicho cha mwisho. Kauliza nikizima sasa itakuwaje. Nikamwambia: kitambaa kimekwenda. Na nisipozima? Pengine mguu mzuri, pengine vitundu tena — na kwa nje utang'aa vilevile. Siwezi kuukata nitazame ndani, halafu nimpe auvae.

Kayaegemeza magongo ukutani.

Halafu kasema atakayeuvaa ni yeye, basi swichi ya kuzimia tanuri ni yake. Kavuta kiti, kaweka kidole juu ya swichi. Nilitaka kumwondoa, nimeshindwa. Naogopa, na bado natamani kujua mle ndani kunatokea nini.

Ananiuliza gundi inaanza kushika kwenye joto gani. Nimemwonyesha kwenye kipimo. Bado kidogo tu; ikishashika, kilichomo ndani kimebaki hivyo. Geji imetikisika tena. Anaitazama, midomo kaibana, kidole hajakiondoa.