Sombe ya Kilimani kwa Matajiri

Jumatatu, 5 Machi 2012
Nimefua tena kwa madamu, kule kilimani kwa matajiri wa Mbarara. Mashuka, mapazia, suruali za watoto wake. Mwanangu Riziki mgongoni, amelala. Kurudi nyumbani Kakoba nilipita nyuma ya kuta. Wenye nyumba hawapiti huko, wanatoka getini na gari. Kumbe kuna chemichemi, maji baridi kama ya kwetu Kivu. Korongo wawili wenye taji, hawaogopi mtu. Na kiwanja kitupu, mihogo imejiotea, majani teketeke. Sombe! Batu ba hapa banachimba muhogo, majani banaacha. Nimejaza kitenge. Furaha mingi.

Jumatano, 7 Machi
Wifi yangu Zawadi ametwanga sombe, tumekula na ugali. Riziki amelamba kidole changu mara tatu. Miezi tisa tu, anajua utamu. Tangu tutoke kambi ya wakimbizi ya Nakivale sijashiba hivi.

Ijumaa, 9 Machi
Mlinzi wa kiwanja amenikuta. Zamani alikuwa mwanajeshi, bado anatembea kijeshi.
"Wewe mama, naiba nini hapa?"
Nikafungua kitenge. Akacheka mpaka akakohoa. "Majani ya mbuzi! Wewe iko mbuzi?"
Nikacheka na mimi. Hapo akapiga rungu kwenye mti, karibu na sikio langu. Hapana rudi, akasema. Zawadi naye amenikataza. Nitarudi. Majani ambayo hakuna anayeyataka, wizi uko wapi?

Jumatatu, 12 Machi
Nyumba moja kule iliibiwa jana. Sikujua. Nilikuwa nimeinama, nachuma, mtoto mgongoni. Mlinzi akaja mbio.
"Hakuna mutu nakula hii! Wewe napeleleza nyumba ya mukubwa!"
Rungu begani. Rungu mkononi. Nikajaribu kumzungusha mtoto kifuani. Nikachelewa. Pigo la tatu sikulisikia mwilini. Lilimpata Riziki.
Nilimng'ata yule mtu mkono mpaka damu yake ikanijaa mdomoni. Akaniangusha. Mateke ya mbavu. Mama mmoja, mke wa mwanajeshi wa nyumba ya jirani, akatoka getini akipiga kelele: "We afande! Utaua mutoto ya wenyewe!" Ndipo akaacha.
Riziki hakulia. Hakulia kabisa.

Jumanne, 13 Machi
Hospitali. Kichwa chake kimevimba upande mmoja. Anapumua. Macho hafungui. Daktari anasema tungoje.
Mkono wangu wa kushoto umefungwa. Nataka yule mtu afe. Nimeandika na sifuti. Mungu nimemwambia pia.
Lakini nilikatazwa, nikaenda. Hiyo inauma kuliko mbavu.

Jumatano, 14 Machi
Bado.

Alhamisi, 15 Machi
Alfajiri Riziki amefungua macho. Amelia kidogo, sauti ya paka mdogo. Akanitafuta kwa mdomo. Amenyonya, akaacha, akanyonya tena.
Sasa amelala juu ya paja langu. Zawadi ameleta uji, unapoa. Mguu umekufa ganzi. Siusogezi.