Sentimita Kumi za Ubingwa

Jumatatu, 2 Juni

Msimu wa mpira wa kikapu umekwisha. Tumekuwa wa tisa kati ya timu kumi – na wa kumi walijitoa mwezi wa pili kwa kukosa basi. Magazeti yanasema tunasajili mtu mrefu. Kila mwaka tunasajili mtu mrefu! Yule wa mwaka jana alikuwa mrefu kweli, ila yeye na mpira walipishana kama majirani waliogombana.

Kombe tunalo moja, la miaka minne iliyopita. Linatosha. Fainali, ukumbi wetu, tuko nyuma kwa pointi mbili, imebaki sekunde moja, Kapteni wetu karusha kutoka nje ya mstari – kikapuni, pointi tatu! Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, ni shabiki wa ile timu nyingine. Tulikuwa tumewekeana dau: atakayeshindwa atamwita mwenzake "bingwa" mpaka fainali nyingine itukutanishe. Haijatukutanisha. Miaka minne ananiita bingwa mbele ya watoto wake, kwa sauti ya mtu anayemeza dawa. Raha iliyoje.

Ijumaa, 6 Juni

Kazi imeanza. Kila baada ya miaka minne mimi ndiye ninayepiga msasa sakafu ya ukumbi, kupaka vanishi na kuchora mistari upya. Meneja wa ukumbi kaja na habari: Kapteni anastaafu. Ilibidi nikae juu ya ndoo ya vanishi.

Meneja hakuniacha nihuzunike. Anataka kile kipande cha sakafu aliposimama Kapteni siku ile, pamoja na mstari wake, nikikate kizima kabla ya msasa. Kiwekwe ndani ya kioo mlangoni, na chini yake kibao cha shaba: jina, tarehe, umbali. Nikamwambia hiyo naifanya bure. Mdomo wangu huu!

Na mchongaji wa vikombe na vibao hapa mjini ni mmoja tu – shemeji. Nimecheka peke yangu njia nzima.

Jumanne, 10 Juni

Sicheki tena.

Leo nimepima mistari ya zamani kabla ya kuifuta. Kutoka chini ya goli mpaka mstari wa pointi tatu, upande wa mlangoni: mita sita na sentimita sabini na tano, barabara. Upande wa Kapteni: sita na sitini na tano. Nikapima tena. Nikaipangusa tepu yangu mpya kwa shati, nikapima tena. Sitini na tano.

Nimekumbuka. Tepu yangu ya zamani ilikatika ncha, sentimita kumi za mwanzo hazipo. Kila fundi anajua dawa yake: unaanzia kwenye kumi, halafu mwishoni unaongeza kumi ukichora, unatoa kumi ukisoma. Upande wa mlangoni niliongeza. Upande wa pili – siku hiyo nilikuwa nabishana na seremala kuhusu usajili.

Picha ya sekunde ile iko sebuleni kwangu, kwenye fremu. Kiatu cha Kapteni kiko nje ya mstari kwa vidole viwili. Nje ya mstari wangu! Mstari wa haki ungekuwa nyuma yake kabisa. Mrusho ule ungekuwa wa pointi mbili tu. Sare. Muda wa nyongeza, ambao timu yetu haijawahi kushinda tangu iundwe.

Jumatano, 11 Juni

Utetezi wangu. Kwanza: kipindi cha kwanza wao ndio waliorusha upande ule ule. Pili: shirikisho walikuja kukagua ukumbi – wakakagua viti. Tatu: hakuna la tatu.

Mke wangu kaniuliza kama naumwa au nina mwanamke. Nikamwambia ni mstari. Akasema afadhali angekuwa mwanamke, angalau hilo angelielewa.

Jumamosi, 14 Juni

Shemeji kaja kula mchana. Akaniuliza umbali wa kuchonga. Sita sabini na tano, nikasema, bila hata kupepesa macho. Njia ya mwongo ni fupi – yangu ni fupi kwa sentimita kumi kamili.

Akasema hachongi kitu cha kuambiwa. Aliwahi kuambiwa kwa simu, akachonga "Marehemu" kwenye zawadi ya mzee aliyekuwa anastaafu tu. Jumatatu atakuja kupima mwenyewe.

Halafu akaitazama ile picha ukutani. "Miaka minne nasema tulionewa," akasema. "Nimeitafuta hiyo dhuluma, sijaiona. Nitakuchongea vizuri, bingwa."

Safari hii hakulisema kama dawa. Alilisema kwa moyo. Nimeona aibu, aibu hasa.

Jumatatu, 16 Juni

Nilipanga kufika saa moja asubuhi nikate kipande kabla hajaja. Kikishang'olewa pale, nani atapima nini? Saa moja kasoro robo nafika – shemeji yuko kwenye ngazi na chupa yake ya chai. Kawahi makusudi, anasema, maana ubao ukishakatwa haupimiki. Fundi na fundi!

Tepu mpya "nimeisahau" nyumbani. Nikatoa ya zamani. Akapiga goti chini ya goli, akaikagua ncha.

"Imekatika hii," akasema. "Naishikia kwenye kumi. Ukisoma, usisahau kutoa kumi."

Nikaivuta mpaka kwenye mstari. Sita sabini na tano, juu ya rangi yangu, kama siku ile ile.

"Haya, bingwa," akasema. "Soma."

Nimemwambia ngoja nifuate miwani. Naandika haya stoo, juu ya ndoo ya vanishi. Kwenye upenyo wa mlango namwona: bado amepiga goti, kidole kimebana kwenye kumi, hakisogei hata kidogo. Miwani ninayo usoni.