Nukta Mbili za Bibi

Kabeza, Kigali

Baba mpendwa,

Shikamoo. Je, mgongo umekuachia? Na Mama ameanza tena kwenda sokoni? Huku kwa Mama Mdogo sote tu wazima, ila mimi wiki hii nimehangaika kwa sababu ya jina langu.

Tunasajiliwa kwa mtihani wa taifa. Katibu wa shule, mama wa makamo, aliliandika vizuri, Noëlla, na nukta mbili juu ya e, zile za Kifaransa zinazomwambia msomaji atamke o peke yake na e peke yake, kama anavyoitwa Bibi. Kesho yake kompyuta ikaonyesha NoÃ«lla. Kila asubuhi katibu alilifungua aone kama limepona, kisha akahifadhi tena, na kila mara lilirefuka. Wenzangu wakaona limefanana na neno la siri la kompyuta, wakanipa jina jipya: "Pasiwedi, umeamkaje?" Nilicheka nao, kisha nikaenda kuuliza.

Mwalimu wa kompyuta alinieleza. "Kompyuta haijui herufi, inajua namba. E ya kawaida ina namba moja. Yako inatunzwa kwa namba mbili zinazokwenda pamoja. Programu ya zamani ya ofisini inazisoma mojamoja, inatoa herufi mbili za ajabu. Ukihifadhi, hizo nazo zinagawanyika."

Siku ya mwisho ya usajili, jina lilikuwa limejaza nafasi yote, na jina lako, Baba, limesukumwa nje. Katibu akashika kichwa.

"Mtoto wangu, jina yako iko inakataa! Tutoe hizi nukta?"

Jina la usajili lisipolingana na cheti cha kuzaliwa, chumba cha mtihani siingii. Nikakimbia nyumbani kuchukua cheti, nimwonyeshe kwamba nukta ni za lazima. Akakisogeza dirishani.

"Hizi nani aliandika na biki?"

Nikatazama. E ilipigwa kwa taipureta. Nukta zilikuwa za wino wa bluu, na mkono ulikuwa wako.

Nikakuona, Baba, kwenye ofisi ile ya Kigoma: mashine haina herufi yetu, watu wanasukumana nyuma yako, nawe hukukubali kurudi bila cheti.

"Andika e tu, Mama," nikamwambia. "Ndivyo mashine ya cheti ilivyoandika."

Akabonyeza. Tukangoja. Ikakubali, na jina lako likarudi mahali pake. Hati ya usajili ilipochapwa, mkono wangu ulikwenda wenyewe kwenye kalamu.

"Ariko wewe!" Kinyarwanda kikamtoka. "Usiguse! Watakufukuza kwa mlango wa mtihani!" Akaificha hati mgongoni, tukacheka mpaka machozi.

Nisalimie Mama, na Kaka anayeuza samaki aina ya mgebuka, asiwaonjeshe wateja wote. Bibi, somo yangu, mwambie nitaingia kwenye mtihani bila nukta zake. Hapa kwenye barua lakini nimeshika kalamu, na hakuna wa kunizuia.

Mwanao,

Noëlla